UZI NA MHIMILI: UHAKIKI WA HERUFI ZA BODONI NA NAFASI YAKE KATIKA UKURASA WA KISWAHILI

IKISIRI

Makala hii inahakiki herufi za Bodoni, ambazo asili yake ni kazi ya mpigachapa Mwitalia Giambattista Bodoni (1740–1813), na ambazo hadi leo hutajwa kuwa kielelezo cha umaridadi katika sanaa ya chapa. Hoja kuu ni kwamba umaridadi huo haumo katika mchoro mmoja wa herufi, bali katika uwiano wa mchoro, kimo, karatasi na wino. Uwiano huo ukivunjwa, msomaji hupewa nusu ya herufi na kutakiwa kuikamilisha mwenyewe. Makala inaonesha kwamba Kiswahili, kwa jinsi viambishi vyake vilivyoundwa, huliweka wazi tatizo hili kuliko inavyodhaniwa. Mwisho inapendekeza kigezo cha kuhakiki matumizi ya herufi za aina hii katika vitabu vya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita, katika semina moja ya ushairi, mwanafunzi alisoma kwa sauti beti alizogawiwa katika kopi. Alipofika kwenye neno ng'oa alisoma ngoa. Aliyeongoza semina alimsahihisha, wenzake wakacheka kidogo, na mwanafunzi hakujitetea. Mwandishi wa makala hii, aliyekuwa ameketi kando yake, aliitazama kopi ile na kuona kwamba kosa halikuwa la msomaji. Ritifaa ilikuwa imebaki nukta ndogo iliyoelea juu ya mstari, mithili ya uchafu wa kioo cha mashine ya kudurufu. Mkia wake mwembamba ulikuwa umepotea. Jalada la kitabu chenyewe lilipotafutwa baadaye maktabani, lilionekana kuwa zuri mno: jina la diwani lilipangwa kwa herufi ndefu zenye mihimili mizito na nyuzi nyembamba, na herufi hizo hizo, zikiwa zimepunguzwa tu, ndizo zilizotumika kupanga beti ndani.

Tukio hilo ni dogo, lakini linazaa swali la kihakiki: je, inawezekana herufi ileile iwe nzuri kwenye jalada na iwe mbovu ndani ya kitabu? Na kama inawezekana, tunapoisifu herufi kuwa ni maridadi, tunasifu nini hasa?

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulikia kwa kina fani na maudhui, lakini umbo la chapa mara nyingi huachiwa mafundi, kana kwamba halina mchango katika maana. Makala hii inachukua msimamo tofauti. Herufi ni sehemu ya kwanza ya matini ambayo jicho hukutana nayo, na ikishindwa kazi yake, lawama humwangukia msomaji, ambaye huitwa mvivu, mzembe au mtu asiyejua lugha yake.

Kwa ajili ya uhakiki huu, istilahi mbili zitatumika. Mstari mnene wa herufi, ambao kwa kawaida husimama wima, utaitwa mhimili. Mstari mwembamba unaounganisha mihimili, au unaomalizia ncha zake, utaitwa uzi. Vikono vidogo vya mlalo kwenye ncha za herufi vitaitwa serifi. Katika Bodoni serifi nazo ni nyuzi.

2.0 Chimbuko la Herufi za Bodoni

Giambattista Bodoni alizaliwa Saluzzo, kaskazini-magharibi mwa Italia, mwaka 1740, katika familia ya wapigachapa. Akiwa kijana alifanya kazi Roma katika kiwanda cha chapa cha Propaganda Fide, taasisi ya Kanisa Katoliki iliyochapisha vitabu kwa maandishi ya lugha nyingi. Mwaka 1768 aliitwa Parma kuongoza kiwanda cha chapa cha mtawala wa huko, na alibaki hapo hadi kifo chake mwaka 1813. Mwanzoni alitumia herufi za mtindo wa Mfaransa Fournier. Baadaye alianza kuchonga zake mwenyewe, na kadiri miaka ilivyopita aliondoa mapambo na kuzidisha tofauti kati ya mhimili na uzi.

Bodoni hakuanza na ukurasa mtupu. Nchini Ufaransa, kamati iliyoundwa mwaka 1692 chini ya Mfalme Louis XIV ilikuwa imebuni herufi za kifalme kwa kutumia miraba na vipimo vya hesabu badala ya mwendo wa kalamu. Nchini Uingereza, John Baskerville alikuwa ameonesha katika toleo lake la kazi za Virgil, mwaka 1757, kwamba karatasi laini na wino mweusi zaidi viliweza kubeba mistari myembamba ambayo karatasi yenye mikwaruzo ingeimeza. Huko Paris, familia ya Didot ilikuwa ikielekea upande huohuo, na Firmin Didot alichonga herufi zenye tofauti kali ya unene mnamo mwaka 1784. Kwa hiyo umbo hili halikuzaliwa kutokana na kipaji cha mtu mmoja tu. Lilizaliwa pale hesabu, karatasi, wino na ustadi wa kuchonga chuma vilipofikia kiwango kimoja kwa wakati mmoja.

Sifa za umbo hilo ni nne. Kwanza, mhimili na uzi hupishana unene kwa kiasi kikubwa. Pili, mpito kati yake ni wa ghafla. Tatu, mhimili wa herufi za duara kama o husimama wima kabisa, haulali kama ule unaoachwa na kalamu ya ncha pana. Nne, serifi ni uzi ulionyooka, usio na kipinda kinachouegemeza kwenye mhimili. Sifa hizi zikiungana, ukurasa hupata mwanga mkali na utaratibu wa kijeshi. Bodoni mwenyewe alitaja mambo manne kuwa ndiyo msingi wa uzuri wa herufi: ulinganifu, unadhifu, uteuzi mwema na haiba. La kuzingatia ni kwamba yote manne yanategemea uzi kuonekana. Uzi ukipotea, unadhifu huwa wa kwanza kuondoka, na mengine hufuata.

3.0 Herufi Moja au Herufi Nyingi?

Kosa kubwa katika kuizungumzia Bodoni ni kuichukulia kama mchoro mmoja unaoweza kukuzwa au kupunguzwa utakavyo. Katika zama za chapa za chuma, jambo hilo halikuwezekana. Kila kimo kilihitaji herufi zake. Fundi alichonga herufi kwenye ncha ya kipande cha chuma, akakigongomea kwenye shaba ili kupata kalibu, kisha akamimina madini ya moto yenye risasi ndani ya kalibu hiyo. Alipotaka herufi ndogo zaidi, alianza upya. Na kwa kuwa alianza upya, aliamua upya: uzi uwe na unene gani, herufi iwe pana kiasi gani, nafasi kati ya herufi iwe kubwa kiasi gani.

Manuale Tipografico, kitabu kikubwa cha sampuli kilichotolewa mwaka 1818 na mjane wake, Margherita Dall'Aglio, kwa juzuu mbili, ni ushahidi wa jambo hili. Humo mna alfabeti za Kirumi zaidi ya mia moja, zikipanda kutoka vimo vidogo hadi vikubwa kwa hatua fupi fupi, na mara nyingine kimo kimoja kina sura zaidi ya moja. Maelfu ya vipande vyake vya chuma yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Bodoni, mjini Parma. Anayetazama sampuli hizo kwa makini ataona kwamba herufi ndogo si kivuli cha herufi kubwa. Uzi wake ni mnene zaidi ukilinganishwa na mhimili, herufi zake ni pana zaidi, na nafasi kati yake ni kubwa zaidi. Fundi aliharibu kidogo ulinganifu wa hesabu ili kuulinda ulinganifu wa jicho.

Hesabu rahisi inaonesha kwa nini. Tuseme uzi wa herufi yenye kimo cha pointi 72 una unene wa milimita 0.4. Mchoro huohuo ukipunguzwa hadi pointi 9, yaani mara nane, uzi unakuwa na milimita 0.05. Printa inayochapa nukta 600 kwa inchi hutoa nukta yenye upana wa takribani milimita 0.042, uzi huo basi ni nukta moja tu na ziada kidogo. Katika mashine ya nukta 300 kwa inchi, nukta moja ni takribani milimita 0.085, na uzi ni mwembamba kuliko nukta yenyewe. Hapo mashine ina njia mbili tu: kuunenepesha uzi kupita kiasi au kuufuta. Mhimili, kwa upande wake, hubaki salama. Hivyo basi kinachofika kwenye karatasi ni safu ya vijiti visivyoshikana.

Kwa mantiki hiyo, Bodoni si jina la mchoro. Ni jina la kanuni ya kufanya maamuzi: tofauti ya unene iwe kubwa kadiri kimo na karatasi vinavyoruhusu, isizidi hapo. Anayechukua mchoro wa jaladani na kuupunguza hadi kimo cha aya anatumia jina la Bodoni, lakini ameiacha kanuni yake.

4.0 Kupotea na Kurejea kwa Kimo

Katika karne ya 20 herufi za Bodoni zilifufuliwa mara nyingi. Nchini Marekani, Morris Fuller Benton alichora toleo lake kuanzia mwaka 1909, likawa maarufu sana katika matangazo. Nchini Ujerumani, Heinrich Jost alitoa toleo la kiwanda cha Bauer mwaka 1926, lililojulikana kwa nyuzi zake nyembamba sana. Matoleo haya bado yalikuwa ya chuma. Badiliko kubwa lilikuja baada ya katikati ya karne, upangaji wa herufi ulipohamia kwenye picha na lenzi. Filamu moja ya herufi iliweza kutoa vimo vingi kwa kusogeza lenzi tu. Kompyuta ziliirithi tabia hiyo. Gharama ilipungua, kazi ikawa nyepesi, lakini maamuzi ya fundi kwa kila kimo yaliondolewa bila mjadala.

Wapo waliolitambua pengo hilo. Mwaka 1991 Jonathan Hoefler alichora herufi za mtindo wa Didot kwa ajili ya jarida la mitindo la Harper's Bazaar, akazichora kwa vimo saba ili uzi ubaki mwembamba kwa kiwango kilekile iwe katika kichwa kikubwa au katika maelezo madogo. Mwaka 1994 ilitolewa ITC Bodoni, iliyochorwa baada ya wachoraji wake kwenda Parma kuchunguza kazi za asili. Ilikuwa na michoro mitatu, kwa pointi 6, 12 na 72. Tangu mwaka 2016, teknolojia ya fonti zinazobadilika imewezesha faili moja kubeba vimo vyote. Bodoni Moda, iliyochorwa na Owen Earl na kutolewa bure kwa leseni huria, ina mhimili wa kimo kuanzia pointi 6 hadi 96.

Umuhimu wa taarifa hii ya mwisho kwa wachapishaji wetu ni mkubwa. Kisingizio cha gharama hakipo tena. Herufi iliyochorwa kwa ajili ya kimo kidogo inapatikana bila malipo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuiuliza.

5.0 Ukurasa wa Kiswahili

Mjadala kuhusu usomekaji wa herufi hizi umeendeshwa zaidi kwa mifano ya lugha za Ulaya. Kiswahili kina sifa zake, na tatu kati yake zinahusika hapa moja kwa moja.

Sifa ya kwanza ni wingi wa mihimili katika viambishi. Viambishi m-, mi-, u-, n-, ni-, li- na hu- vimejengwa kwa herufi ambazo takribani zote ni mihimili iliyounganishwa kwa nyuzi. Tuchukue neno umuhimu. Lina herufi 7, lakini lina mihimili 15: miwili katika kila u, mitatu katika kila m, miwili katika h na mmoja katika i. Kinachoigawa mihimili hiyo 15 kuwa herufi 7 ni nyuzi 8. Nyuzi zikififia, jicho hubaki na ua wa miti mbele yake, na hesabu ya miti haimwambii msomaji ni neno gani. Neno muumini lina tatizo hilohilo, kwa mihimili 14.

Si kila neno liko hivyo. Irabu a, ambayo Kiswahili huitumia kwa wingi, huvunja ua huo kwa tumbo lake la duara, na neno kama zawadi husomeka vizuri hata katika kopi mbaya. Tatizo hujikusanya mahali maalumu, na mahali hapo ndipo sarufi ilipoweka mzigo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni tofauti ya alimpa na alinipa. Herufi m ina mihimili mitatu. Herufi n na i, zikikaa pamoja, zina mihimili mitatu vilevile. Kinachotenganisha aliyepewa yeye na niliyepewa mimi ni uzi mmoja wa upinde na nukta ya i. Kwa bahati njema, nukta ya i katika Bodoni ni nzito na hustahimili. Lakini ni dhahiri kwamba uzi ukifutika, nafsi ya mtendwa hubaki ikining'inia kwenye nukta moja. Muktadha hausaidii sana hapa, kwa sababu sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, na katika masimulizi au ushahidi zote mbili zinawezekana.

Sifa ya pili ni ritifaa. Katika lugha nyingi za Ulaya, alama hii hudondosha au kuunganisha, na ikipotea msomaji hukisia. Katika Kiswahili sanifu, ritifaa ya ng' ni sehemu ya herufi. Ng'oa ni kuondoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni tamaa au wivu. Ritifaa ya Bodoni ina umbo la kitone kizito chenye mkia wa uzi. Mkia ukitoweka, kinachobaki hakifanani na ritifaa wala na nukta. Hilo ndilo lililompata mwanafunzi aliyetajwa mwanzoni.

Sifa ya tatu haimo katika lugha bali katika mazingira ya usomaji. Katika vyuo vyetu matini nyingi husomwa katika kopi, na mara nyingi kopi hiyo ni kopi ya kopi. Kila kizazi cha kudurufu hula nyuzi kwanza na mihimili mwisho. Kidaraja cha mlalo cha e hutoweka, e ikafanana na c. Kikono cha t hufifia, t ikaanza kuelekea l, na tia ikakaribiana na lia. Mchapishaji anayechagua herufi kwa kutazama kioo cha kompyuta yake, au nakala ya kwanza iliyotoka kiwandani, anahakiki kitabu ambacho wasomaji wengi hawatakiona. Kitabu watakachokisoma ni kile cha kopi ya tatu.

6.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza linaweza kuwa kwamba tatizo liko katika aina hii ya herufi yenyewe, hivyo iachwe. Huo ulikuwa msimamo wa William Morris, aliyeanzisha kiwanda cha chapa cha Kelmscott mwaka 1891 na kurejea herufi za Venice za karne ya 15. Aliilaani Bodoni kwa maneno makali. Makala hii haikubaliani naye. Vitabu vya Bodoni mwenyewe, vyenye kimo kikubwa, nafasi pana kati ya mistari na pambizo za kutosha, vinasomeka, na uzuri wake ni wa kweli. Kulaumu umbo kwa makosa ya matumizi ni sawa na kumlaumu mshonaji wa kanzu iliyovaliwa kulimia.

Pingamizi la pili ni kwamba msomaji hasomi herufi mojamoja, bali hutambua maneno mazima na kusaidiwa na muktadha. Hili ni kweli kwa msomaji mzoefu anayesoma matini anayoitarajia. Halimhusu mtoto anayejifunza kusoma, mgeni wa lugha, wala msomaji wa ushairi, ambapo neno lisilotarajiwa ndilo mara nyingi neno lenyewe. Muktadha ni msaada. Hauwezi kufanywa mbadala wa herufi.

Pingamizi la tatu ni la kiutamaduni: kwamba herufi hizi zimekuwa alama ya hadhi kupitia majarida ya mitindo, na kitabu cha Kiswahili kina haki ya kuvikwa hadhi hiyo. Haki hiyo haipingwi. Kichwa cha jalada na kadi ya mwaliko wa harusi, kwa kimo kikubwa na karatasi laini, ni mahali pake hasa. Linalopingwa ni kudhani kwamba hadhi ya jalada huhamia ndani kwa kupunguza mchoro. Ndani ya kitabu, hadhi ya msomaji hulindwa kwa kumpa herufi nzima.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonesha kwamba umaridadi wa Bodoni ni uwiano, na kwamba uwiano huo ulilindwa na fundi aliyelazimika kuamua upya kwa kila kimo. Teknolojia iliyomwondolea ulazima huo haikumwondolea msomaji mahitaji yake. Katika Kiswahili, ambapo nafsi, idadi na ngeli hubebwa na herufi za mihimili, na ambapo ritifaa ni sehemu ya herufi, kupotea kwa uzi ni kupotea kwa sarufi.

Kigezo kinachopendekezwa ni rahisi. Kabla ya kuidhinisha herufi zenye tofauti kubwa ya unene kwa ajili ya aya, mhariri apange maneno umuhimu, alimpa, alinipa, ng'oa na ngoa kwa kimo kitakachotumika, ayachape kwenye karatasi itakayotumika, kisha aidurufu karatasi hiyo mara tatu mfululizo. Ikiwa nyuzi zote zitaonekana katika kopi ya tatu, herufi hiyo inafaa. Ikiwa hazitaonekana, atafute mchoro wa kimo kidogo wa herufi hiyohiyo, au aiache jaladani.

Aidha, inapendekezwa kwamba wahakiki wa vitabu vya Kiswahili waingize umbo la chapa katika tathmini zao, wakitaja herufi, kimo na karatasi kama wanavyotaja fani nyingine. Mwanafunzi wa semina ile alisahihishwa mbele ya wenzake kwa kosa ambalo lilifanyika mezani kwa mpangaji wa kitabu. Uhakiki wa kitabu kile ungepaswa kuanza hapo.